Tupeane uzoefu: Mlikuwa na tabia gani za ajabu utotoni? Mimi sikutaka kidonda kipone

Wakuu, salaam.

Jana mwanangu wa miaka 6 kajikwaa sebuleni, hakuumia hata kidogo, akaninyanyulia goti zima kabisa nilipulize. Nikapuliza. Halafu nikabaki pale sakafuni nakumbuka jambo ambalo hata mama watoto hajui.

Nianze mimi.

Kwetu Tandika tulizaliwa sita, mimi wa nne. Wa nne hana cheo: si mkubwa wa kutumwa mambo ya maana, si kitinda mimba wa kubebwa. Mama alikuwa anachoma vitumbua alfajiri, anatembeza, anarudi jioni sauti imekauka. Hakuwa mtu wa kukumbatia. Sasa mdogo wangu akaanguka kwenye mwembe, akafungwa POP, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika. Wiki nzima nyumba ikawa yake: soda, mkate wa siagi, chipsi siku moja, na majirani wakija kumpa pole wanamwachia hela. Nilitamani POP, Mungu anisamehe. Nilipanda mwembe uleule, nikaangalia chini, nikashuka kimya kimya.

Siku chache baadaye nikachubuka goti kwenye chandimu. Mama aliporudi akaweka maji ya vuguvugu kwenye bakuli la bati, akatia chumvi, akanikalisha kwenye kigoda, akawa anaosha taratibu huku anapuliza. "Pole baba." Mama hakuwahi kuniita baba kabla ya siku ile. Dakika kumi nzima ni mimi na yeye, wengine wanapita pembeni. Kesho yake vilevile. Siku ya tano akaangalia, akasema, "Umepona, nenda kacheze."

Nikawa nabandua kigaga jioni kabla hajarudi. Kilikuwa kinauma, ila maumivu yenyewe niliyajua yanapoishia. Goti la wiki moja likachukua miezi miwili na ushee. Na vigaga nilikuwa naviweka kwenye kasha la kiberiti, msiniulize kwa nini. Mama alilikuta chini ya godoro akidhani ni kiberiti chake kilichopotea.

Kilichofuata nitasema baadaye. Kwanza nanyi mfunguke.

Mchele Mbichi

Jina langu linajieleza. Mchele mbichi nilianza darasa la pili, nikahamia kwenye udongo wa ukutani. Kwa bibi Morogoro nyumba ilikuwa ya udongo na fito, mvua ikipiga ile harufu inakuita. Kuna kona nyuma ya jiko niliila mpaka fito zikaonekana, babu akawa anasingizia panya. Baadaye nikajua sokoni wanauza udongo wa kula kabisa, umechomwa, umepangwa mafungu, wajawazito wananunua mchana kweupe, nikajiona mtu wa kawaida.

Kuja kupimwa nikiwa kidato cha kwanza, damu 7. Daktari hakunicheka. Alisema hamu ya udongo, mchele au barafu mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma, na huo udongo wenyewe unaweza kukuletea mayai ya minyoo, basi unazunguka palepale. Nikapewa dawa za minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Baada ya kama miezi miwili nilipita nyuma ya lile jiko, mvua imenyesha, nikasikia harufu ya matope tu.

Miwani

Mimi nilitaka miwani. Darasani alikuja mwanafunzi mpya anavaa miwani, mwalimu akamweka dawati la mbele na kumwita "profesa". Nikaanza kujikwaa makusudi, nasoma daftari limegusa pua. Mzee akanipeleka hospitali, wakanionyesha ile chati ya herufi E zinazogeuka huku na huku. Ya juu nikasema chini, ya kulia nikasema kushoto. Sijui yule mtaalamu alipimaje, lakini nilitoka na miwani.

Hela yake ilikuwa ya kununulia bati tatu za jiko. Nikaivaa wiki moja, kichwa kinagonga, ngazi naziona zimepinda. Nikasema nimepona kwa maombi! Mama akatoa ushuhuda kanisani. Mpaka leo jikoni kwetu upande mmoja una bati za zamani, nikienda nyumbani mvua ikinyesha wakihamisha sufuria mimi naangalia pembeni.

Mwana wa Kakamega

Majirani, huku kwetu Kenya nyanya yangu alikuwa na dawa ya ile tabia yangu. Nikinyimwa kitu nilikuwa nalia mpaka pumzi inakwama, midomo inageuka rangi, naanguka. Watu wanakimbia, mama anapiga nduru. Siku moja akaniacha na nyanya. Nikaanza. Nyanya akachukua jagi ya maji, akasimama juu yangu akingoja, hata hakusema kitu. Nikaona hiyo jagi, pumzi ikarudi yenyewe.

Nilidhani nilikuwa mjanja tu, lakini juzi kliniki na kijana wangu wa miaka miwili nikaambiwa kwa watoto wadogo mara nyingi si ujanja, mwili wenyewe hufunga pumzi, na wengi huacha kabla ya kuanza shule. Ila wakasema apimwe damu pia. Kwa hivyo nyanya, pumzika kwa amani, lakini hiyo jagi ya maji sitairudia.

Kidole

Nina miaka 34, ni mwalimu, nina watoto wawili, na ninanyonya kidole gumba taa ikizimwa. Nimesema. Nilipakwa pilipili, nikapakwa shubiri, nikapakwa kitu ambacho mpaka leo bibi hajataja. Pilipili niliinyonya ikaisha. Mume wangu aligundua mwezi wa tatu wa ndoa, akadhani naumwa jino.

Fimbo Tu

Mnalea ujinga. Mtoto anajiumiza ili abembelezwe? Fimbo mbili, anapona siku hiyohiyo. Sisi tulichapwa na hatukufa.

Nesi wa Zamu

Mkuu Fimbo Tu, hakuna aliyesema mlikufa.

Mimi nipo wodi ya watoto miaka kadhaa sasa, nimewaona wa kila aina. Kuna wale wadogo wanaogonga kichwa kwenye kitanda kabla ya kulala, mama anakuja analia akijua mtoto kaingiwa na kitu. Wengi wao hiyo ni namna ya kujibembeleza, inaanza hata kabla ya kutimiza mwaka, na kwa kawaida inaisha kabla ya miaka 4. Hao tunaangalia tu kama mtoto anakua na kuongea vizuri. Lakini mtoto wa miaka 9, 10, 13 anayejiumiza huwa ana maneno yaliyomkwama. Ukimchapa umemwongezea maumivu na neno lenyewe hajalisema. Anachojifunza ni kujificha vizuri zaidi.

Na ile "anadeka tu" naomba tuipunguze. Mtoto mwenye njaa akilia hatusemi anadeka njaa.

Mapunye

Nesi umenigusa. Nilikuwa nang'oa nywele, moja moja, upande wa kushoto juu ya sikio. Nilianza baba alipohamia kwa mke mdogo, ila wakati ule sikuziunganisha hizo habari mbili. Nikiwa nasoma, mkono unapanda wenyewe. Natafuta ule unywele mgumu kuliko wengine, nikiung'oa nasikia kama mtu kafungua dirisha.

Nyumbani wakasema mapunye. Mama akaninyoa kipara kwa wembe, nikapakwa dawa ya mapunye miezi, shuleni nikawa nakaa peke yangu wenzangu wasiambukizwe. Nywele zikiota, naanza upya. Hakuna aliyeuliza mkono wangu unakuwa wapi.

Nilikuja kujua chuoni, napitia kitabu cha magonjwa ya ngozi: trikotilomania. Daktari wa Kifaransa, François Henri Hallopeau, aliipa jina mwaka 1889. Nililia maktaba. Kumbe kabla hata bibi yangu hajazaliwa kuna mtu alishakaa mbele ya mgonjwa kama mimi akaandika si mapunye. Siku hizi nikiwa na mawazo nashika tasbihi mkononi. Siku nyingine inasaidia, nyingine haisaidii.

Bwenini

Sisi shule ya bweni wasichana, mwezi wa mitihani watu wanaanguka. Mmoja akianza kupiga kelele prepo, ule muda wa kujisomea usiku, dakika tano baadaye wako saba chini. Watu wa maombi wanaitwa, masheikh wanaitwa. Mimi nikiri: mara ya kwanza niliigiza, nilitaka nirudishwe nyumbani. Mara ya pili sikuigiza. Nilisikia miguu inaisha nguvu kweli. Mpaka leo siwezi kueleza mpaka uko wapi.

Mzee wa Bukoba

Mwanangu Bwenini, usijione wa kwanza. Tarehe 30 Januari 1962 katika shule ya misheni ya wasichana pale Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka. Ikaambukiza. Kati ya wanafunzi 159, walioshikwa ni 95, wanacheka, wanalia, hawatulii, na shule ikafungwa Machi 18. Ikasambaa vijijini pia. Madaktari walipima damu, wakatafuta sumu kwenye chakula, hawakukuta kitu. Watu wa nje huichukulia kama kichekesho, "ugonjwa wa kucheka". Wazee wetu walioshuhudia hawakuwa wanacheka, wale watoto walikuwa wanateseka.

Asiye na Jina

Nipo form three. Nyinyi wote mnasema "nilikuwa". Mimi bado. Siyo nywele.

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, asante kwa kuandika. Hapa hatukuulizi unafanyaje wala tangu lini, na wengine naomba msiulize. Namba 116 ni ya watoto na vijana, haikutozi, ipo Tanzania na Kenya pia, unaweza kupiga bila kujitaja. Na mtafute mtu mzima mmoja asiyekuwa na haraka: mama mdogo, matroni, mwalimu wa malezi. Ukishindwa kuongea, mwonyeshe hii simu na ulichoandika. Ukiona usiku huu unakuwa mzito, usikae peke yako chumbani, kalale na ndugu yako. Nimekutumia ujumbe inbox, nipo macho mpaka saa moja asubuhi.

Mapunye

Na mimi nipo, mdogo wangu.

Fimbo Tu

Kijana, mpigie huyo nesi. Yale ya juu niachieni mwenyewe.

Mwenye uzi

Niliahidi kumalizia.

Mama alilifungua kasha, akaangalia ndani, akaangalia goti langu. Nikaanza kulia kabla hajanigusa, najua mwiko uko wapi. Akalitupa kasha kwenye jiko la mkaa, likawaka mara moja. Hakusema neno. Akachemsha maji, akatia chumvi, akanikalisha kwenye kigoda, akaosha goti lile bovu. Halafu akavuta mguu wa pili, ule mzima, akauosha nao, kwa utaratibu uleule, anapuliza mahali ambapo hapana kitu. Akawa anafanya hivyo kila jioni. Goti likapona ndani ya wiki, yeye hakuacha mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuona aibu wenzangu wasije wakaniona.

Leo asubuhi nimempigia kumuuliza kama anakumbuka. Anasema, "Watoto sita, mimi nitakumbuka goti la nani? Mjukuu wangu kapona?"