Mrejesho: Taneli za MPLS kati ya Tanga na Dar es Salaam

Ndugu wataalamu, niliuliza kwa nini simu za ofisi yetu ya Tanga zilikatika kila faiba ya kwenda Dar es Salaam ilipoharibiwa, ilhali taneli (njia iliyopangwa mapema ambayo pakiti za data huifuata kwa lebo za MPLS) ilikuwa na njia ya akiba. Mlinishauri nikague mtaro kabla ya ruta (kifaa kinachoelekeza data), nanyi mlikuwa sahihi: njia zote mbili, ingawa ruta huziona kuwa laini tofauti, zimelazwa katika mtaro mmoja kati ya Muheza na Segera, kwa hiyo katapila moja huzikata zote.

Sasa nimezipa laini hizo namba moja ya kundi la hatari ya pamoja (alama kwamba zinaweza kukatika kwa wakati mmoja), na taneli ya akiba inazikwepa kwa kupitia mnara wa redio wa Pangani. Njia kuu nimeiandika kituo kwa kituo kama chaguo la kwanza. Chaguo la pili ruta hulikokotoa yenyewe.

Kilichosumbua zaidi ni kugundua hitilafu. Ulinzi wa haraka wa RFC 4090 (kiwango cha kuhamisha taneli upesi kwenye njia ya akiba) kwa kawaida hulengwa milisekunde 50, lakini kwetu mlango wa ruta hubaki hai hata faiba ikikatika mbele ya swichi ya mtoa huduma. Nimewasha BFD (ruta mbili kutumiana pakiti ndogo ili kujua kama laini iko hai), pakiti moja kila milisekunde 50, na zikikosekana tatu mfululizo laini huhesabiwa imekufa. Hiyo ni takriban milisekunde 150, si 50, ila mpiga simu husikia mkwaruzo tu.

Redio hubeba data kidogo tu, hivyo nimelinda simu pekee. Nakala rudufu za data zinazotumwa usiku zitasubiri.