Mashine ya kukerezea: niipeleke idara ya mechanical au nitoe hela tu?

Mkerezaji_Ngamiani:
Wakuu habari za saa hizi. Nina karakana ndogo huku Tanga, Ngamiani, tunakereza shafti na bushi, wateja wangu wengi ni wa mashamba ya mkonge na hawa wenye maboti. Mechanical nilisoma chuo kikuu miaka hiyo, kundi zima mnazunguka mashine moja, mwenye bahati anashika handeli sie wengine tunachungulia mabegani mwake, ukitoka hapo unaitwa injinia. Sasa nimenunua mashine nyingine, hii ya zamani bado inazunguka vizuri ila nati ya kroslaidi (ile sehemu inayosogeza kisu cha kukatia) imelegea, ina mchezo. Nawaza niipakie kwenye Fuso niwapelekee wadogo zangu chuoni. Au niuze nitoe hela? Mliowahi kufanya hivi semeni.

BiSpana:
Mkuu hongera kwa moyo, ila ngoja nikwambie kitu. Mimi ni fundi wa maabara chuo kimoja, sikitaji. Tuliletewa mashine ya CNC, ile inayoendeshwa na kompyuta, keki ikakatwa, picha zikapigwa, baada ya miezi kadhaa umeme ukapiga kadi ya kontrola ikaungua, kitabu chake Kichina kitupu, aliyetuletea hapokei simu. Mpaka leo imefunikwa turubai na paka kazalia chini yake. Kwahiyo kabla hujaita Fuso mpigie kwanza mkuu wa idara, muulize kuna nafasi, umeme wa fezi tatu upo, na tuli (visu vya kukatia chuma) nani atanunua zikiisha. Halafu taka barua. Mali ikishaingia chuo cha umma inaandikwa kwenye rejista, ikifa hata kuitoa nje ni mlolongo. Mashine bila mtu wa kuitunza ni chuma tu. Wajerumani walivyosaidia kuanzisha kitivo cha uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1973 walikuja na wahadhiri wao pia, sio makontena peke yake.

MzeeWaKorona:
Mie nipo Muheza shambani. Kijana wapelekee shida, mashine baadae!! Nisikilize, jani la mkonge singa zake ni kama asilimia 4 tu ya uzito, zilizobaki ni maji na makapi, na yale maji yana asidi, yanakula beringi na visu vya korona, ile mashine ya kuchana mkonge, mpaka unachoka kununua. Hiyo ndio projekti ya mwaka wa mwisho sasa, sio kila mwaka mtu anachora mashine ya kukamua juisi ya miwa ambayo ishatengenezwa mara mia. Mwaka jana nilipokea vijana wawili wa PT (mafunzo kwa vitendo), siku ya kwanza mmoja kashika vernia ya kupimia kama kashika kaa anaogopa kung'atwa. Wiki ya sita kapima kila shafti ya korona, kaandika kwenye daftari ipi inaliwa wapi, na mwalimu wake alivyokuja kumkagua tukakaa chini ya mwembe mpaka magharibi. Ushirikiano wetu na idara ulianzia hapo, hatujasaini karatasi yoyote.

Dada_Leja:
Upande wa hela: usimtumie mhadhiri kwenye simu yake hata kama mlisoma darasa moja. Omba kontrol namba ya chuo, risiti ibaki. Na kama ni mchango wa maana, ulizia TEA, Mamlaka ya Elimu Tanzania, wanaosimamia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya 2001, mchangiaji anapewa cheti cha kuombea nafuu ya kodi TRA. Wenye karakana wengi hawajui hili wanabaki kulalamikia makadirio tu.

Mkerezaji_Ngamiani:
Nimewaelewa, asanteni sana, shikamoo mzee wangu wa Muheza. Nimeongea na idara leo mchana. Fezi tatu ipo, ila wamesema huo mchezo wa nati hawana wa kuutoa. Tumekubaliana wataniletea vijana wawili wa PT wiki nane, waifungue hapa hapa kwangu, wakereze nati mpya ya shaba wenyewe, ikipona ndio inapanda Fuso na barua yake. Tuli za mwaka wa kwanza nitanunua mimi. Kimebaki chumba cha kulala vijana tu.

MzeeWaKorona:
Marahaba. Chumba kipo Majani Mapana kwa dada yangu, nitamwambia. Ila waje na safety buti, yule wangu alinijia na kandambili.