Gumzo la ukoo: wosia wa baba yake George Washington

Dada wa Virginia: Shikamooni wakubwa. Ami aliuliza wakulima wa makoloni ya Waingereza huku Marekani waliwagawia vipi mali wake na wana wao. Nimemchagua Augustine Washington, mkulima wa tumbaku aliyefariki Aprili 1743, kwa sababu shamba lake la Ferry Farm haliko mbali nami. Liko ng'ambo ya mto Rappahannock, likitazamana na mji wa Fredericksburg, na nyumba yake imejengwa upya juu ya misingi iliyofukuliwa na wanaakiolojia.

Alioa mara mbili. Jane Butler alifariki mwaka 1729 akiwaacha Lawrence na Augustine mdogo. Mary Ball, aliyeolewa mwaka 1731, alizaa George, Betty, Samuel, John Augustine na Charles. Katika wosia, Lawrence alipewa Little Hunting Creek, zaidi ya ekari 2,000, shamba ambalo baadaye yeye mwenyewe aliliita Mount Vernon. Augustine mdogo alipewa mashamba ya Westmoreland. George, ambaye alikuwa na miaka 11 tu, aliandikiwa Ferry Farm na watumwa kumi, na wadogo zake wa kiume nao wakatengewa ardhi.

Ami: Marahaba, mwanangu. Ni wazi kwamba wana wa mke wa kwanza ndio waliopata vinono, lakini mimi sina haraka ya kumlaumu marehemu. Kwa sheria ya Virginia ya wakati ule, mtu akifa bila wosia ardhi yake yote ilikwenda kwa mwana wa kiume wa kwanza, na sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka 1785. Asingeandika, Lawrence angechukua kila shamba, na George na wadogo zake wangebaki kumtegemea kaka yao wa mama mwingine.

Shangazi: Nakubali, ila mjane umempita haraka. Mary aliachiwa nini, naye ana watoto watano na kitinda mimba hajafika hata miaka mitano?

Dada wa Virginia: Alipewa fungu katika mali inayohamishika pamoja na wanawe wanne, Shangazi, na akakabidhiwa kusimamia urithi wa wanawe hadi kila mmoja afikishe miaka 21. Ferry Farm aliiendesha yeye, lakini mwenye shamba alikuwa George. George alitimiza umri huo mwaka 1753, na mama hakuhama. Aliendelea kulima hapo hadi mwaka 1772, mwanawe alipomnunulia nyumba mjini Fredericksburg, na miaka miwili baadaye shamba likauzwa kwa Hugh Mercer.

Shangazi: Hapo ndipo panaponiuma. Kwetu Waislamu, mjane mwenye watoto ana thumni yake, ikiwa ndogo ikiwa kubwa, na akitaka kuiuza anaiuza. Yeye aliitunza ardhi kwa karibu miaka 30 kisha ikauzwa kwa jina la mwanawe.

Kaka Mwalimu: Naomba turudi kwenye wale watumwa kumi, maana tumewapita kama tunavyopita ng'ombe. Hao walikuwa na wazazi na watoto, na wosia uliokata ardhi vipande ndio uliowakata na wao, huyu kwa George, yule kwa Samuel. Kwangu mimi hili ni zito kuliko suala la nani alipata ekari ngapi.

Dada wa Virginia: Ni kweli kabisa, Kaka, na jambo hilo lilimfuata George hadi mwisho wake. Alipofariki mwaka 1799, Mount Vernon, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwake, ilikuwa na watumwa 317. Wake mwenyewe walikuwa 123, na aliandika katika wosia kwamba waachwe huru mkewe Martha atakapokufa. Wengine 153 walitokana na urithi wa mume wa kwanza wa Martha, Daniel Parke Custis, aliyekufa mwaka 1757 bila wosia. Kwa hiyo Martha alikuwa na theluthi ya mjane, ya kutumia maisha yake yote bila kuuza wala kuachilia huru, kisha irudi kwa warithi wa Custis. Watu wa pande hizo mbili walikuwa wameoana. Martha aliwaachilia wale wa mumewe Januari 1, 1801, na alipofariki mwaka 1802 wale wa Custis waligawanywa kwa wajukuu wake wanne, mume akiwa huru na mke na watoto wakipelekwa kwa bwana mwingine.

Ami: Inna lillahi. Je, majina yao yanajulikana?

Dada wa Virginia: Yanajulikana, Ami. Mwaka 1799 Washington mwenyewe aliandika orodha, shamba kwa shamba, akionyesha nani ni wake na nani ni wa Custis, na nani ameoana na nani. Nitaipiga chapa kwa herufi kubwa niitume hapa leo jioni, ili na Shangazi aweze kuisoma.

Shangazi: Itume, mwanangu. Nitawasomea watoto majina yote, moja baada ya jingine.