Naomba ushauri: mita 400 viunzi, hatua zinamvurugikia njiani

Wakuu, habari za saa hizi. Mdogo wangu anakimbia mita 400 kuruka viunzi. Vitano vya mwanzo anavimudu kwa hatua 15 katikati. Akichoka zinakuwa 16, mguu wa kurukia unabadilika, basi anakaribia kusimama ili ajipange. Nimemsimulia habari za Edwin Moses, Mmarekani wa mbio hizohizo, hatua 13 mpaka mwisho, mbio 122 bila kushindwa kati ya 1977 na 1987. Kanijibu yule si binadamu! Mimi moyo wangu uko kwa John Akii-Bua wa Uganda: Munich 1972, njia ya ndani kabisa yenye kona kali, akamaliza kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia.

Waliowahi kufundisha, nianze na lipi: kumzoesha kuruka kwa miguu yote miwili, au kumjengea pumzi kwanza? Uwanja wetu ni wa vumbi, viunzi tumegongelea wenyewe kwa mbao.