MREJESHO: 3 bila turufu, ree ya shupaza nilivyoitoa mapema

Wakuu, lile swali nililowauliza la briji (karata za wawili dhidi ya wawili), kama nilikosea kutoa ree mapema: mkataba wa 3 bila turufu, yaani tule mizunguko 9 kati ya 13, bila rangi inayozishinda nyingine. Wa kushoto alianza na shupaza. Mkononi nina ree-8-3, mezani (karata za mwenzangu, zilizofunuliwa) 7-4. Nilikula palepale kwa ree, nikapungukiwa mzunguko 1.

Hapa Upanga tumeupanga mgawo uleule upya, na mliposema ningeizuia ree kwanza, yaani nisiitoe mapema, mlikuwa sahihi kabisa. Shupaza zetu ni 5. Kanuni ni 7 toa idadi ya karata zetu za rangi hiyo: 7 toa 5 ni 2, basi ree inazuiwa mara mbili, inatoka raundi ya tatu. Kisha malkia wa uru kuelekea ree-jeki-10-9-4 za mezani. Wa kulia anakula kwa mfalme, lakini shupaza zimemwishia! Wa kushoto, aliyekuwa na shupaza 5, kabaki na 2 nzuri, ila hana karata ya kushinda mzunguko apate kuzicheza. Hata shupaza zikigawanyika 4-4, tunapoteza mizunguko 4 tu. Hesabu: uru 4, ree na mfalme wa kopa, ree na mfalme wa pau, shupaza 1.

Angalizo: hii ni kwa sababu uru inapotelea kulia. Ingepotelea kushoto, kuzuia kusingesaidia kitu. Asanteni sana.