Milima ya Kigoma inatoka kijivu kiangazi hiki, nifanyeje? Na maua mekundu yananiungulia

Mwl_Zai

Habari za jioni wakuu. Mimi niko Kigoma mjini, ni mwalimu wa msingi, picha napiga kwa mapenzi tu ila ni mapenzi ya kweli. Tangu mwezi wa kwanza nina kazi moja nimejipa, kila mwezi napanda kilima cha juu ya Kibirizi, nasimama kwenye jiwe lilelile, napiga upande wa ziwa na milima ya Kongo ng'ambo, halafu nageuka napiga vilima vinavyokwenda kaskazini kuelekea Gombe. Mwisho wa mwaka nataka picha 12 nizibandike darasani, sababu wanafunzi wangu ukiwaambia wachore Kigoma wanachora ziwa, mtumbwi na dagaa, mlima hamna, wakati mlima wenyewe uko dirishani wanauona kila siku.

Mpaka mwezi wa tano mambo yalikuwa safi sana, wa tatu ndo usiseme, kijani mpaka unasikia baridi ukiiangalia picha. Mwezi wa saba ikaanza kufifia. Juzi nimepanda nimekuta Kongo haipo kabisa, anga jeupe kama uji, nyasi zimekauka na nusu ya kilima imeshapigwa moto, nyeusi tii. Nimepiga kama 60 jioni ile jua likishuka, zote kijivu, nimerudi nyumbani moyo mzito kwa kweli.

Maswali yangu. Niiruke miezi hii ya kiangazi nisubiri mvua? Ile filta ya polaraiza itasaidia moshi? Na la tatu, mwaka jana mvua zilipoanza nilikuta lile ua jekundu la duara kama mpira, limetoka peke yake chini ya mwamba, nikalipiga kwa karibu, likatoka doa jekundu moja kama rangi imemwagika, hakuna hata uzi mmoja unaoonekana. Nilikosea wapi?

Kamera ni ya mtumba, nilinunua duka moja Dar nikaambiwa safi, ila ndani ya lenzi naona kitu kama utando wa buibui, sijui kama kinahusika.

Mzee wa Ujiji

Mwalimu hongera, hiyo kazi ya jiwe moja mwaka mzima ni kazi ya maana, usiiache.

Nianze na saa maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Kigoma tuko mbali magharibi lakini saa yetu ni moja na Dar, kwa hiyo jua letu linachelewa dakika kama 40 nyuma ya Dar. Mtu anasoma maelekezo kwamba mwanga mzuri ni saa kumi na mbili asubuhi, anapanda mlima na tochi, anakaa kwenye giza. Huku jua linatoka karibu na saa moja na linazama karibu na saa moja jioni. Panga safari zako kwa jua la Kigoma.

Pili ni upande. Milima yetu ya huku inatazama magharibi, asubuhi inakuwa kwenye kivuli chake yenyewe, jua liko nyuma yake. Inaanza kupendeza kuanzia saa kumi na moja jioni, mwanga unatoka ziwani unaingia kwenye kila bonde, mikunjo yote unaiona. Milima ya Kongo ni kinyume, hiyo inatazama mashariki, inapata jua la usoni asubuhi. Wewe jioni unaelekeza kamera Kongo, maana yake unaelekeza kwenye jua, na moshi ukiuangalia upande wa jua unang'aa wote unakuwa pazia jeupe. Nenda saa moja na nusu asubuhi jua likiwa mgongoni kwako, moshi uleule utaonekana mwepesi zaidi. Ila nikwambie ukweli kuna siku za mwezi wa nane na wa tisa Kongo haionekani hata ufanye nini, ziwa lina upana wa kama kilomita 50 kwa wastani, hapo katikati moshi wa mapori ya huku na ya kule umekaa. Mvua mbili tatu za kwanza zikipiga hewa inaoshwa, asubuhi yake kimbia juu, utahesabu mabonde ya ng'ambo.

Polaraiza inasaidia ukiwa umeweka jua ubavuni, yaani bega lako linatazama jua. Ukiwa umelipa jua mgongo au uso haifanyi kitu cha maana. Na moshi mzito haiukati, inakata mng'ao wa majani na maji.

Kitu kingine kwa hizo 12 zako, jua halizami sehemu moja mwaka mzima. Mwezi wa sita linazamia kulia, upande wa Burundi, mwezi wa kumi na mbili limeshahama mbali kushoto, kusini. Ukibana picha sana kwa zumu miezi mingine jua litakuwa nje ya fremu. Piga pana, utakata baadaye.

Mtoto wa Sikonge

Dada mwalimu USIRUKE kiangazi tafadhali. Mimi niko Tabora, nimekulia kwenye mizinga, baba anarina asali, na nakwambia kwa mtu wa miombo, haya mapori yetu ya miti, mwaka mzuri unaanza sa hizi hizi wakati wengine wanaona pori limekufa.

Mwezi wa tisa kuelekea wa kumi, mvua bado kabisa, ardhi imepasuka, miti inatoa majani mapya kwa maji iliyojiwekea yenyewe. Na hayatoki kijani. Yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine karibu na zambarau, mti mmoja wa mtundu unaweza kuwa mwekundu na jirani yake umeshaanza kuwa kijani, ukisimama kwenye kilima unaona pori zima kama limewekewa makaa. Ni wiki chache tu halafu yanageuka kijani imekwisha. Hilo jani likiwa changa ni laini kama ngozi ya sikio la mtoto, lipige jua likiwa nyuma yake asubuhi, utaona kila mshipa. Vilima vyenu vya Kigoma juu kule kwenye migongo navyo ni miombo, kwa hiyo hiyo picha unayo hapohapo, huhitaji kuja huku.

Mninga nao usiusahau, maua ya njano, unachanua kipindi hicho hicho na hayakai, leo mti wote njano kesho kutwa njano iko chini ardhini, na chini napo ni picha.

Sasa hiyo sehemu iliyoungua. Rudi hapo. Achana na Kongo siku hiyo, inama. Kwenye miombo kuna mimea sehemu yake kubwa iko chini ya ardhi, mizizi na mashina minene, moto ukipita juu yenyewe iko salama, na siku chache baadaye inatoa ua kwenye jivu kabla hata ya jani moja. Hakuna nyasi ya kulificha, mandharinyuma meusi yametandikwa bure, mtu wa studio analipia kitambaa cheusi kupata hicho. Sisemi moto ni mzuri jamani, ule wa mwisho wa kiangazi unaua miche na unamaliza mizinga, baba yangu umeshamlia mizinga ya magome kumi na kitu. Ila ukishapita nenda kaangalie.

Dada Lenzi

Zai mpenzi nikusaidie la ua jekundu. Ua jekundu sana kamera inadanganyika, inapima picha nzima inaona mwanga uko sawa kumbe upande wa nyekundu umeshajaa mpaka juu, na ukishajaa hakuna tena tofauti ya petali na petali, ndo hilo doa. Kwenye kamera bonyeza kile kitufe chenye jumlisha na kutoa, peleka kwenye -1 hata zaidi, piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata, halafu uangalie grafu ya nyekundu usiamini macho yako kwenye skrini juani. Kwa simu gusa ua, shikilia mpaka ijifunge, halafu vuta kile kijua chini mpaka uone nyuzi.

La pili ua hilo unaloliongelea nadhani ni Scadoxus multiflorus, lile duara moja ni maua madogo mengi mno yamekaa pamoja na kila moja lina nyuzi zake zimetoka nje, kwa hiyo jua la saa sita linatengeneza vivuli vidogo elfu. Mimi natumia kipande cha chandarua cheupe kilichochakaa, nakunja mara mbili, mwenzangu anashika juu ya ua kati yake na jua, mwanga unakuwa mlaini kama siku ya mawingu. Siku ya mawingu yenyewe ndo nzuri kuliko zote kwa maua, mbaya kwa milima, kwa hiyo gawa siku zako hivyo. Na wahi kabla ya upepo, ua la kimo kile likitikisika kidogo tu fokasi imehama. Usiling'oe ulipeleke kwenye mwanga, kitunguu chake kiko chini, mwakani litatoka palepale na wewe una kazi ya kurudi palepale.

La lenzi sasa. Utando wa buibui ndani ni fangasi. Vua lenzi, washa tochi ya simu upitishe kutoka nyuma, kama unaona nyuzi zinatawanyika kama mizizi ndiyo yenyewe. Na inahusika sana, fangasi akipigwa na jua kwa mbele anatawanya mwanga picha inakuwa kijivu, na wewe unapiga jioni kuelekea jua. Jaribu hivi, siku moja piga kitu kilekile kwa simu na kwa kamera. Simu ikitoka na rangi, kosa la moshi peke yake sio. Mpelekee fundi mapema, akikaa sana anakula ile rangi ya juu ya kioo na hapo hata akisafishwa alama inabaki. Asikae begi moja na lenzi nyingine. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana na zile punje za kunyonya unyevu, kama ni za bluu zikigeuka pinki zimeshiba, zikaushe kwa moto mdogo zirudi bluu.

baharia_KG

Ukipata likizo panda boti uende hifadhi ya Mahale, kilele chake cha Nkungwe kina mita 2,462, chini msitu, katikati miombo, juu kabisa majani ya mlimani, yaani misimu mitatu kwenye mlima mmoja siku moja. Barabara hamna ndani ya hifadhi, beba betri za kutosha.

Mwl_Zai

Shikamoo mzee wangu wa Ujiji, na wote asanteni sana, nimechelewa kujibu nilikuwa nataka nijaribu kwanza.

Nimepanda mara tatu. Asubuhi ya kwanza saa moja na nusu, Kongo ilikuwepo! Hafifu, mstari wa bluu tu juu ya maji, ila ilikuwepo na jioni yake haikuwepo, kwa hiyo nimeelewa. Nimepiga kwa simu na kwa kamera sambamba, simu ina bluu, kamera ina maziwa. Nimepitisha tochi, Dada Lenzi ni mizizi kabisa kama ulivyosema, nimeumia, lenzi inaondoka wiki hii kwenda kwa fundi na mwezi huu naendelea kwa simu. Kwenye jiwe nimepaka alama mbili za miguu kwa chokaa ili hata kwa simu nisimame palepale.

Mara ya tatu nikaenda kwenye jivu. Nilizunguka nusu saa sioni kitu nikataka kukata tamaa, nikakaa chini kufunga kamba ya kiatu, kumbe liko karibu na goti langu. Njano, halifiki ukubwa wa sarafu ya shilingi 50, halina jani, shina halifiki hata kidole, limetoka kwenye nyeusi ile na petali moja ina vumbi la jivu. Nililala kifudifudi viwiko vikawa vyeusi, nikagusa skrini nikavuta kijua chini kama mlivyonielekeza, na jivu likawa jeusi kweli na njano ikabaki njano. Jumatatu nimewaonyesha watoto, wakaniuliza mwalimu hii ni wapi, nikawaonyesha kilima dirishani, hawakuamini, watatu wamesema wanataka kwenda kuona.

Mtoto wa Sikonge, miti ya juu kwenye mgongo imeanza kuwa na wekundu kidogo kwenye ncha, naangalia kila siku nikitoka shule. Kesho alfajiri napanda tena na kipande cha chandarua, maana pembeni ya lile ua kuna tumba lingine halijafunguka.