Wanafunzi wananijibu neno moja moja, naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

Darasa la Jioni:
Wakuu, habari za muda huu. Nafundisha Kiswahili kwa wageni, watu wazima, wapo 11, tunakutana mara tatu kwa wiki. Si wanaoanza, wanasoma habari fupi na kuzielewa. Tatizo ni kwamba siku hizi kila nikiuliza swali najibiwa neno moja. "Ndiyo." "Nyumba." "Jana." Kimya. Nauliza tena, kimya kingine, mwisho najibu mwenyewe.

Ijumaa mratibu wa masomo anakuja kukaa darasani kipindi kizima. Mara ya mwisho aliandika kwamba darasani kwangu anayeongea ni mwalimu. Silali vizuri. Naomba mnipe maswali mazuri ya kuwafungua midomo, hata 20 yanatosha. Sitaki matusi.

Kisa Mkasa:
Nipo siti ya mbele.

Ila mwalimu umenikumbusha mbali. Mimi nilisomeshwa lugha ya kigeni miaka mitatu. Kila siku mwalimu ananyoosha kidole: huu ni nini? Mlango. Lile ni nini? Dirisha. Nilikuwa wa kwanza darasani. Siku nimekutana na mwenye lugha yake, akaniuliza nimeshindaje, nikababaika. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimeshindaje. Nilikuwa na mlango na dirisha, basi.

Mzee Pembe:
Walimu wa siku hizi mnataka maswali 20 ya kupewa kama dawa. Mwalimu huandaa somo lake. Sisi tulikuwa tunakesha na maandalio. Mwanafunzi akikaa kimya, ujue amekuona hujajiandaa.

Chaki Nyeupe:
Mwalimu, usiorodheshewe maswali kwanza. Weka hapa maswali unayouliza wewe, kama yalivyo, na majibu yake. Bila hivyo tutakuwa tunapapasa gizani.

Darasa la Jioni:
@Chaki Nyeupe sawa. Wiki iliyopita nilirekodi kwa simu. Hiki ni kipande:

Mwl: Hii ni nini, hapa kwenye picha?
A: Nyumba.
Mwl: Nyumba, vizuri. Ina milango mingapi?
B: Miwili.
Mwl: Sentensi kamili.
B: Ina milango miwili.
Mwl: Safi sana. Na huyu anafanya nini?
(kimya)
Mwl: Ana... anafa... Anafagia. Wote?
Wote: Anafagia.

Chaki Nyeupe:
Asante kwa ujasiri wa kuiweka. Sasa angalia pamoja nami. Picha ipo mbele yenu wote. Nyumba mnaiona, milango mnaiona. Umeuliza jambo unalolijua, wao wanajua kwamba unalijua, na wewe unajua kwamba wanajua. Mtu mwenye akili timamu ataongeza nini zaidi ya "nyumba"? Swali lenyewe lina nafasi ya neno moja. Hawana kosa, wamejibu sawasawa na ulivyouliza.

Na ona mzunguko: unauliza, anajibu, unasema vizuri, unahamia kwa mwingine. Wanaisimu Sinclair na Coulthard waliuchora mzunguko huu mwaka 1975 kutoka kwenye madarasa ya Uingereza, na popote penye mwalimu na ubao utaukuta. Neno "vizuri" ndilo linalofunga mlango. Ukishasema vizuri, mazungumzo yamekwisha, anayefuata.

Mwaka 1986 kule Hawaii, mtafiti Cynthia Brock aliangalia walimu 4 na wanafunzi 24 wa Kiingereza. Walimu wawili walifunzwa kuuliza maswali ambayo wao wenyewe hawakuwa na majibu yake. Majibu ya swali la namna hiyo yalifika wastani wa maneno 10. Ya swali ambalo mwalimu tayari ana jibu yalikuwa zaidi kidogo ya maneno 4. Wewe uko kwenye neno 1.

Bint Sarufi:
Naomba nitofautiane kidogo. Swali la "hii ni nini" linasingiziwa mno. Mtu wa wiki ya pili utamuuliza maoni yake kuhusu maisha kwa maneno gani? Anahitaji kushika kitu na kukitaja, apate upatanisho: hiki kitabu, hii nyumba, huu mlango. Swali la kupima lina kazi yake. Hapa tatizo ni kwamba watu wameshavuka hapo na mwalimu bado amesimama na picha.

Halafu kuna wanaodhani dawa ni swali pana. Si kweli. Muulize mgeni "unaonaje kuhusu mazingira?" uone atakavyoduwaa. Swali dogo lakini la kweli linashinda. "Mbona leo umechelewa?" ni fupi, lakini hujui jibu na yeye analo. Atahangaika mpaka alitoe.

Mama Wawili:
Mimi nimeona kingine kwenye hicho kipande. Hapo ulipoandika "kimya", kilikuwa kirefu kiasi gani? Mwalimu una rekodi, hesabu.

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Mary Budd Rowe, Mmarekani, alipima madarasa ya sayansi na mwaka 1974 akaandika kwamba walimu husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Walipovuta hadi 3, majibu yalirefuka na waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Hao walikuwa watoto wanaotumia lugha yao. Mgeni ana kazi zaidi: aelewe swali, atafute neno, atafute kiambishi, apate ujasiri. Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya meza, kidole kimoja kwa sekunde. Kidole cha tatu ni kirefu kuliko mnavyofikiri. Mikono ilikuwa inatoka jasho. Lakini kwenye cha nne au cha tano mtu anafungua mdomo.

Darasa la Jioni:
@Mama Wawili nimehesabu. Sekunde moja na nusu. Kumbe nilidhani nimesubiri sana.

Ila jamani, haya ya utafiti ni mazuri, mimi nina Ijumaa. Maswali nitayapata?

Chaki Nyeupe:
Subiri kwanza. Kwenye chapisho la kwanza umeandika "siku hizi" wananijibu neno moja. Kabla ya siku hizi ilikuwaje?

Darasa la Jioni:
Ilikuwa afadhali kidogo. Ni kawaida darasa kupoa.

Chaki Nyeupe:
Darasa la watu 11 halipoi lenyewe. Lilipoa lini?

Mama Wawili:
Tuambie mwalimu. Hakuna anayekuhukumu hapa.

Mzee Pembe:
Mimi nahukumu, lakini aseme.

Darasa la Jioni:
Sawa. Sikuona kama inahusiana.

Kuna mama mmoja, nimwite M. Ndiye alikuwa mwongeaji, wengine wanamfuata. Kama wiki tatu zilizopita nilianza na "habari za jana?" kama kawaida, nikitegemea "nzuri". M akasema: "Jana sikulala. Mume wangu amepotea kazi."

Siku hiyo tulikuwa tunafanya vitenzi. Nikasema: "Amepoteza. Sema tena, amepoteza." Akasema: "Mume wangu amepoteza kazi." Nikasema: "Vizuri sana." Nikamgeukia wa pembeni yake, "Na wewe, habari za jana?" Akajibu: "Nzuri." Wote waliobaki wakasema nzuri.

Tangu hapo ndiyo hali hii. M anakuja lakini anaandika tu.

Jamani mnielewe. "Mume wangu amepotea" maana yake mume hajulikani alipo. Ningeliacha kosa kama hilo? Wanalipa ili wasahihishwe. Kosa lisiposahihishwa linaota mizizi.

Na pia, ili niwe mkweli, nimeshapanga la Ijumaa. Nimewapa karatasi yenye maswali 15 na majibu yake marefu, sentensi tatu tatu, wayakariri. Mratibu akija watakuwa wanaongea. Kilichobaki nilitaka tu maswali bora ya kubadilisha machache. Sioni ubaya, hata kukariri ni mazoezi.

Kisa Mkasa:
"Vizuri sana" 😳

Mtoa Macho:
Wakuu mnakunywa chai hapa bila kujua. Soma vizuri. Maongezi yamepangwa A, B, Wote, kila kosa lipo mahali pake, halafu linakuja tukio linaloingia kama funguo kwenye kitasa. Huyu ni mwanachuo ana kazi ya kuandika kuhusu maswali ya walimu, anatukusanyia majibu. Mnamsomea mtihani. Hakuna M wala mume.

Kisa Mkasa:
Aisee, sasa hivi nimeanza kuona. Mbona anajua kupanga kama mtaalamu?

Mzee Pembe:
Mimi nilihisi tangu mwanzo. Mwalimu wa kweli hawezi kusema "vizuri" mtu anapotaja msiba wa kazi.

Mama Wawili:
Mzee Pembe, anaweza. Mimi nimeshasema. Mwanafunzi alisimama akasoma sentensi kwamba bibi yake ni mgonjwa, nikamwambia "hongera, upatanisho upo sawa." Niligundua usiku nikiwa kitandani. Ukiwa unasikiliza viambishi, maneno yanapita kama mvua kwenye bati. Kwa hiyo kwangu hii si chai hata kidogo.

Bint Sarufi:
Iwe chai, isiwe chai, mimi nina swali jingine. Mwalimu, hao watu walijua unawarekodi?

Darasa la Jioni:
Mtoa Macho, nimepanga vizuri kwa sababu nimesikiliza hiyo rekodi mara kumi. Siombi uamini.

@Bint Sarufi niliwaambia na wakakubali. Herufi nimebadilisha zote, hata M siyo herufi yake.

Mtoa Macho:
Sawa. Tuambie basi, baada ya M kusema amepoteza, alifanya nini? Mtunzi huwa hana jibu la swali kama hili.

Darasa la Jioni:
Aliandika "amepoteza" kwenye daftari. Akapiga mstari chini yake, mara mbili, kwa rula. Halafu akafunga daftari, na kipindi ndio kwanza kilikuwa kimeanza.

Mtoa Macho:
Endeleeni.

Chaki Nyeupe:
Mwalimu, kuhusu kosa: hukukosea kulisikia. Hujalazimika kuchagua kati ya kulisahihisha na kumsikiliza mtu. Ungesema, "Amepoteza kazi? Pole sana. Lini?" Neno sahihi amelisikia, na bado mazungumzo ni yake. Na hiyo "lini" ni swali la kweli, maana hulijui jibu. Wengi hawatagundua kwamba wamesahihishwa, hilo ni kweli, kwa hiyo liandike pembeni ulirudie kesho kwenye zoezi. Lakini mbele ya habari kama ile, habari kwanza.

Sasa nenda kwa huyo mama nje ya darasa, umpe pole yake. Hiyo imechelewa wiki tatu.

Na hiyo karatasi ndiyo ile ile picha ya nyumba, umeirefusha tu. Bado unauliza jambo unalolijua, tena safari hii umeliandika wewe mwenyewe.

Darasa la Jioni:
Pole nitampa. Karatasi siwezi kuirudisha, zimebaki siku mbili na wameshaanza kukariri. Mratibu hatajua tofauti.

Bint Sarufi:
Wanafunzi wako watajua.

Nikupe kitu cha kutumia leo jioni. Kupotea na kupoteza ndiyo mada yako, si ndiyo? Achana na picha. Waulize: "Umewahi kupotea mahali? Ulifanyaje?" Kila mtu amewahi kupotea. Hujui hata jibu moja kati ya hayo 11. Uliza, kaa chini, hesabu vidole vya Mama Wawili. Akimaliza, usiseme vizuri. Uliza "halafu?"

Mzee Pembe:
Hili sasa ndilo andalio la somo.

Darasa la Jioni:
Nimerudi. Nimetoka darasani saa hii.

Nilimsubiri M mlangoni. Nikamwambia pole kwa habari ya mumeo, nilipaswa kukwambia siku ile. Akaniangalia kidogo, akasema, "Asante. Bado anatafuta." Nikamuuliza mume anafanya kazi gani. Sikuwa najua. Wiki tatu sikuwa najua.

Ndani nikauliza lile swali la kupotea. Kimya. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kwenye sita nilikuwa nimeshafungua mdomo, J akaniwahi. Akasema: "Mimi nilipotea mjini na simu yangu nilipotea pia, nilitembea mpaka usiku, mimi nauliza watu wote, watu wote wanasema mbele, mbele, lakini mbele ni bahari." Watu wakacheka. Nilikaa juu ya mikono yangu nisimguse. Nikasema, "Halafu?"

Kabla hajajibu, M akamgeukia: "Simu ilipotea, au ulipoteza wewe?"

Sikuuliza mimi hilo. J akafikiri, akasema, "Nilipoteza mimi. Lakini nilisema kwa mke wangu ilipotea." Hapo wakaanza kuongea wao kwa wao, nikawa sina kazi. Rekodi ninayo, kwa dakika nne sijasema neno.

Mwishoni wakati wanakusanya vitu, A akaja mezani na ile karatasi imekunjwa. Akauliza: "Mwalimu, Ijumaa tuseme kama leo, au tuseme ya karatasi?"

Nimemwambia nitawajibu kesho.